Pumzi Safi ya Kumi na Saba

Kila Jumatano asubuhi, katika chumba cha pili cha jengo la utafiti, watu wazima walijipanga foleni kupuliza. Walikuwa wanabana pumzi sekunde kumi na tano, kisha wanaitoa polepole kwenye mrija wa karatasi uliochomekwa kwenye kimashine cha ukubwa wa kiganja, mpaka macho yanataka kuwatoka. Mwanamke aliyewashikia kimashine hicho alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima. "Toa, toa, toa, usibanie, hiyo hewa si mali yako!" Basi wakamwita Dada Pumzi, na jina likamganda hata kwa wakubwa wake wa kazi.

Kimashine kilisoma gesi ya moshi. Aliyevuta sigara asubuhi hutoa namba ishirini au thelathini, na asiyevuta hutoa mbili au moja. Watu walikuwa wanakuja na viapo vya kila aina, wengine wanamshika mkono na kuapa kwa makaburi ya wazazi wao, naye anawaelekezea mrija tu. "Namba haina shemeji," alikuwa akisema, na alisema kwa majivuno. Majivuno hayo ndiyo yaliyomponza, na mimi siwezi kumwonea huruma sana, kwa maana kanuni hiyo alikuwa ameshaivunja mwenyewe kabla utafiti haujaanza.

Utafiti ulikuwa wa Daktari, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliyehangaika miaka mitatu kutafuta kibali cha kujaribu kidonge cha kuwasaidia wavutaji kuacha. Nusu ya washiriki walipewa kidonge chenye dawa na nusu walipewa cha unga mtupu, na hakuna aliyejua nani kapata kipi, hata Daktari mwenyewe. Siku ya kwanza aliwakusanya wote arobaini akawaeleza kilichomo vichwani mwao.

"Ubongo ni mwenye nyumba mkarimu kupita kiasi," alisema. "Nikotini ikija, unaiwekea kiti. Ikija mara ishirini kwa siku, unaongeza viti mpaka sebule inajaa. Siku isipokuja, viti vyote vile vitupu ndivyo vinavyokufanya ugombane na mkeo na ukose usingizi. Kidonge hiki kinavikalia viti nusunusu, ili visikutese wakati ubongo unavipunguza. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Hapa hatupimi kama wewe ni mtu mwema. Tunapima ubongo wako."

Mshiriki wa kumi na saba akanyoosha mkono. "Daktari, mimi ni fundi makochi. Hiyo kazi ya kutoa viti nipeni mimi, kesho jioni nimemaliza."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Dada Pumzi alicheka kuliko wote, kisha akakumbuka kwamba hatakiwi kumjua mtu huyo, akajifanya anapanga mirija.

Kumi na Saba alikuwa kaka yake. Walichangia mama tu, na kwa kuwa kila mmoja alibeba jina la baba yake, kwenye makaratasi hakuna aliyeweza kuwaunganisha. Mama yao alipofariki, kaka alikuwa na miaka kumi na tisa na yeye alikuwa na tisa. Kaka akaacha chuo cha umeme, akaingia kwenye karakana ya makochi, akamlea. Alimsuka nywele vibaya mpaka walimu wakamuuliza kama amepigana. Alimlipia shule, akamlipia chuo cha maabara, na katika miaka ile ya shida sufuria ikiwa ndogo alimwachia yeye chakula, mwenyewe akatoka nje kuvuta sigara, kwa sababu sigara inaua njaa. Dada Pumzi alikuja kulielewa hilo alipokuwa mtu mzima, na tangu siku hiyo hajawahi kuiona pakiti ya sigara mkononi mwa kaka yake bila kujihisi mkosaji.

Sasa vidole viwili vya mguu wa kulia wa kaka vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Hospitali walimpeleka kwa daktari wa upasuaji ambaye wagonjwa, kwa hofu yao, walimbandika jina la Seremala. Seremala hakuzunguka mbuyu. "Ugonjwa wako unaziba mishipa midogo ya damu, na chakula chake ni tumbaku. Ukiinyima, mguu unaweza kupona. Ukiendelea kuilisha, nitaukata chini ya goti. Nakupa miezi mitatu."

Wifi, mke wa kaka, ndiye aliyekuja mlangoni kwa Dada Pumzi akilia, kanga imemdondoka begani wala hajui. "Wifi, muingize kwenye utafiti wenu. Peke yake hawezi. Nimemwona akiokota vipisi, wifi, mtu mzima yule."

Sheria ilikuwa wazi, ndugu wa mfanyakazi haruhusiwi. Swali la tisa kwenye fomu liliuliza hivyo hivyo, una undugu na mtu yeyote anayefanya kazi hapa? Dada Pumzi alikuwa amesimama nyuma ya kaka yake alipolifikia. Kaka akainua kalamu, akageuka kumtazama. Yeye akatikisa kichwa, na kaka akatia alama kwenye Hapana.

Wiki ya kwanza alipuliza kumi na nne. Wiki ya pili tisa. Wiki ya tatu kimashine kilifikiri kidogo, kikaandika mbili.

"Hongera, Kumi na Saba," Dada Pumzi alisema kwa sauti ya kikazi, akishindwa kumwondolea macho.

"Asante, dada. Una mume? Naona unanitazama sana."

"Nina mume na ana wivu. Anayefuata!"

Aliyefuata alisubiri, maana Dada Pumzi alikimbilia chooni, akafunga mlango, akalia kwa furaha na kitambaa mdomoni ili asisikike. Wiki ya nne ilikuwa moja. Wiki ya tano moja. Daktari, asiyesifu hata mvua, alianza kumtaja Kumi na Saba kwenye vikao. Kila mshiriki pia alikuwa anaacha kikombe cha mkojo, nacho kilikuwa kinabandikwa namba na kuingizwa kwenye friza. Vikombe vyote vingepimwa kwa pamoja baada ya wiki ya kumi na mbili, kwa kuwa dawa ya kupimia mabaki ya nikotini ikishafunguliwa haikai. Mpaka wakati huo kimashine ndicho kilichokuwa na kauli, na kimashine kilisema kaka ni msafi.

Mguu ndio uliokataa kusikia. Wiki ya tisa kidole cha tatu kikabadilika rangi. Dada Pumzi aliomba ruhusa, akampeleka kaka kwa Seremala yeye mwenyewe, na Seremala alifungua bandeji akakunja uso.

"Unatumia tumbaku?"

Kaka alitazama sakafu, kisha akamtazama dada yake.

"Hatumii, Daktari," Dada Pumzi akajibu. "Nampima mimi mwenyewe kila Jumatano. Ni wiki ya saba sasa, pumzi yake safi."

Seremala alimwamini. Kwa nini asimwamini mtu wa kazi mwenzake? Alifikiri kidogo, akavua glavu. "Ningesikia bado anatumia, ningesema aache kwanza tuone. Lakini kama ameacha wiki saba na bado ugonjwa unapanda, basi hakuna cha kusubiri. Tukichelewa tutakata juu ya goti." Akafungua kalenda, akaandika Alhamisi ya wiki ya kumi na tatu.

"Sawa," kaka alisema. Walipotoka alimtania kwamba fundi amekutana na fundi, hakuna haja ya kubishana bei, na Dada Pumzi alimpenda kwa ujasiri huo kuliko alivyowahi kumpenda.

Jumanne ya wiki ya kumi na tatu friza ikafunguliwa. Dada Pumzi alipanga vikombe, akaviacha viyeyuke, akaanza kuvidondoshea dawa ya kupimia. Mvutaji mkaidi wa namba nane alionyesha nikotini tele, kama ilivyotarajiwa. Namba kumi na mbili alikuwa safi. Namba kumi na saba alionyesha tele. Akadhani amekosea, akarudia. Akadhani vikombe vimebadilishana, akachukua cha wiki ya sita, cha wiki ya saba, cha wiki ya kumi. Vyote vilikuwa tele, na vingine vilizidi vya siku alipoingia kwenye utafiti.

Alikaa kwenye stuli. Hakuhitaji mtu wa kumweleza, elimu yake ilimtosha. Kimashine chake kilijua moshi. Tumbaku isiyowashwa moto, ya kubana chini ya mdomo, hakijui hata jina lake. Wiki kumi na mbili amesimama mlangoni akikagua watu mmoja mmoja, na kaka yake amepita dirishani na ugoro mdomoni. Tena alipita akimtania kama ana mume.

Aliacha koti la maabara kwenye kiti, akaenda karakana.

Kaka alikuwa kwenye kigoda katikati ya sponji zilizopangwa mpaka darini, mguu mbovu umelazwa juu ya kreti, misumari minne midogo imebanwa midomoni, anavuta kitambaa kwenye fremu ya kochi. Alipomwona akatema misumari kiganjani.

"Mdogo wangu! Leo hakuna watu wa kupuliza?"

"Shusha mdomo wa chini."

"Nini tena?"

"Shusha mdomo, kaka."

Hakushusha. Dada Pumzi alimshika kidevu, kama kaka alivyokuwa akimshika yeye zamani kumnywesha dawa, akauvuta mdomo chini. Donge la kahawia lilikuwa pale, limejibana kwenye ufizi.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu."

"Wiki ya tatu nililia chooni kwa furaha."

Kaka alifuta mdomo kwa kiganja. "Hamkuniuliza ugoro," alisema. "Fomu yenu yote ni sigara, sigara. Sigara sijagusa, haki ya Mungu."

"Usinichezee akili. Mimi si fomu!"

"Ningefanyaje? Ulishaihatarisha kazi yako kwa ajili yangu. Wiki ile nilikuwa nimeshindwa, nakuja kukwambia. Kwenye benchi yule mzee wa namba tano akanong'ona kwamba ugoro mashine haiuoni. Nikapuliza, ikaja mbili, ukanitazama. Hujanitazama hivyo tangu siku ulipofaulu mtihani. Nikasema, wiki hii tu, nisimwangushe. Ikawa hiyo, ikawa nyingine."

"Na kwa Seremala? Alikuuliza wewe."

"Ukajibu wewe."

"Ulikuwa na wiki nne za kunisahihisha! Keshokutwa wanakukata mguu, kaka. Ulikuwa tayari kukatwa mguu kuliko kuniambia neno moja?"

"Nilikuwa tayari," kaka akasema, kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi.

Hapo ndipo Dada Pumzi alipovunjika moyo. Kaka angekana, angemtukana, pangekuwa na kitu cha kushika. Yeye ndiye aliyesema hatumii, kwa sauti yake, mbele ya mtu mwenye kisu, na kaka alikaa kando akamwacha aseme. Dada Pumzi aliuliza jambo moja tu kabla hajatoka. "Wifi anajua?"

"Hajui. Usimwambie."

Alimwambia jioni ileile. Wifi alipiga magoti jikoni, akaapa atapekua kila mto na kila kochi mpaka nyumba iwe haina hata punje. Walikumbatiana. Dada Pumzi alisikia afadhali kuwa na mtu mmoja upande wake.

Asubuhi ya Jumatano, badala ya kushika kimashine, alibisha hodi kwa Daktari, akaeleza yote, undugu, swali la tisa, vikombe. Daktari alisikiliza bila kuinua kalamu.

"Namba zako zote sasa ni za kutiliwa shaka," alisema mwishowe. "Si zake tu. Zote arobaini. Unaelewa ulichonifanyia?"

"Naelewa, Daktari."

"Nilikuwa nakutetea. Kila kikao. Nilikuwa nasema, yule angempima hata mama yake bila kumpendelea." Alitazama dirishani. "Kaka yako nisingemlaumu sana. Ubongo uliozoea vile husema uongo vizuri kuliko mwenyewe, na huenda kidonge chake kilikuwa cha unga. Wewe ubongo wako hauna sababu. Acha funguo mezani. Majibu yake mpelekee daktari wake, mguu haujafanya kosa lolote."

Ndivyo miaka sita ya kazi ilivyokwisha, kabla ya saa nne asubuhi.

Seremala aliyasoma majibu mara mbili, akafuta Alhamisi. Alikasirika mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, lakini alikuwa mtu wa haki. "Basi bado kuna mguu wa kuokoa," alisema. "Siku kumi, bila tumbaku ya aina yoyote. Siku ya kumi atoe mkojo hapa. Ukiwa safi, tunaendelea na dawa na tunasubiri. Usipokuwa safi, nakata asubuhi inayofuata, na kila siku ninayompa sasa, ugonjwa unazidi kupanda mguuni." Akamgeukia Dada Pumzi. "Na safari hii usimjibie."

Kwa siku kumi hizo hakumjibia wala hakumwuliza. Alienda kila mchana kumsafisha kidonda, akakaa naye huku kaka akitetemeka na kutukana kochi, redio, majirani. Wifi alimtoa wasiwasi mlangoni kila siku. "Ametupa kila kitu, wifi. Nimeona kwa macho yangu. Safari hii anafanya kweli." Siku ya saba kaka alitania tena, akasema viti vimebaki vitatu na kimoja kina mguu mbovu kama wake. Dada Pumzi alicheka bila kutaka. Alirudi nyumbani amechangamka, akajikuta anaanza kumsamehe, na kusamehe huko kulimpa usingizi wa kwanza baada ya siku nyingi.

Siku ya kumi walifika kliniki mapema. Kaka alikuwa na magongo, na mfuko wa makaratasi ameuning'iniza shingoni. Nesi akampa kikombe, akamwonyesha choo. Alikaa ndani muda mrefu. Dada Pumzi alisimama ukutani akisoma tangazo la kunawa mikono, analisoma tena, mpaka mlango ukafunguliwa. Kaka alitoka anatoa jasho na anatabasamu, kikombe kimefunikwa vizuri.

"Nipelekee dirishani, mdogo wangu. Na magongo haya nitamwaga."

Akakipokea.

Kilikuwa baridi. Mkojo uliotoka mwilini sasa hivi hutoka na joto la mwili. Hilo halihitaji chuo, kila mama aliyelea mtoto analijua. Hiki kilikuwa baridi kama sakafu. Dada Pumzi alikishika kwa mikono miwili, labda mkono wa kwanza umekosea. Wa pili ukasema vilevile.

"Ni wa nani?"

"Wa nani vipi?"

"Kaka. Ni wa nani?"

Tabasamu likamtoka. Aliangalia mlango wa Seremala, akashusha sauti. "Wa wifi yako. Aliniwekea kwenye chupa asubuhi. Amesema tukupe moyo kwanza, tumpe na daktari moyo. Nimepunguza, mdogo wangu, nakuapia, siku hizi mara mbili tu. Wiki ijayo namaliza kabisa. Peleka tu. Nani atajua?"

Alijua Daktari angesemaje. Alijua habari ya viti, aliijua kuliko kaka mwenyewe, aliwahi kuwafundisha wanafunzi habari hiyo. Lakini ubongo haukufunga chupa ile. Ilifungwa na mwanamke aliyepiga magoti jikoni akaapa, na ikabebwa shingoni na mtu aliyemsuka nywele, na wote wawili walikaa mezani asubuhi wakakubaliana kwamba kwa yule hakuna shida, yule atapeleka. Walimjua. Walimpima wakapata jibu, na zamani, kwa swali la tisa, jibu lilikuwa sahihi.

"Mdogo wangu," kaka akasema. "Usinifanyie hivyo. Ni mguu wangu."

"Ndiyo. Ni mguu wako."

Aliingia kwenye chumba cha nesi, akamwaga kikombe kwenye sinki, akafungua bomba, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kaka alikuwa anamwita kule nje, kwanza kwa "mdogo wangu", halafu kwa jina ambalo mama yao tu alikuwa akimwita. Hakugeuka. Alibisha mlango wa Seremala, akaingia, akamwambia kaka yake bado anatumia, asisubiri tena kukata.